Kansa Niliyoifukiza Udi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hujausikia kwa mwengine: mimi niliifukiza kansa udi. Si mara moja. Mwaka na miezi saba, kila Alhamisi baada ya alasiri, nilisimama juu ya chetezo, leso nimeifunga kiunoni kama hema, moshi unapanda, nami nasema moyoni, "Leo itatulia." Haikutulia. Ila sidhani pwani yote hii imewahi kuwa na kansa iliyonukia vizuri kama yangu.

Ujinga huu haungekuwa mkubwa hivyo lau ningekuwa mtu mwengine. Lakini mimi ndiye Rukia wa udi. Naupika kwangu Wiyoni, kwa sukari, vipande vya udi, mafuta ya waridi na miski, na maharusi wengi wa Amu, Lamu yetu hii, wamepitia mikononi mwangu. Msichana akikaribia kuolewa, mamake humleta nimfunze kujisafisha na kujitunza. Nimewaambia wasichana nisioweza kuwahesabu: "Mwanangu, shika kioo ujitazame. Mwili ni wako, uujue." Wao walijitazama. Mwalimu wao hakujitazama.

Ilianza kwa kuwashwa, upande wa kushoto wa pahali ambapo sitapataja kwa jina. Nikadhani ni jasho. Nikadhani ni sabuni mpya. Nikaenda duka la dawa nikamnong'oneza kijana wa pale kwamba "shangazi yangu" anawashwa, akanipa tyubu ya krimu. Shangazi akapata nafuu wiki moja, kisha akawashwa zaidi. Nikanunua ya pili, na ya tatu. Katikati yake ndizo hizo Alhamisi za chetezo. Kila moshi ulipopanda palichoma kama pilipili, nami nikajiambia kuchoma huko ndiko kupona. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Mume wangu Athmani nikawa namkwepa. Leo mgongo, kesho kichwa, kesho kutwa nina uchovu wa harusi ya watu. Athmani ni fundi wa friji, mtu mpole asiyeuliza mara mbili. Alichukua mto wake akahamia chumba cha mbele, kati ya friji mbovu za wateja, na akanyamaza. Kimya chake kilinitisha kuliko ugomvi. Nikaona wazi: anatafuta mke mwengine.

Siku moja baada ya swala ya adhuhuri nikaona tone la damu kwenye msala. Nina miaka hamsini na tatu. Mambo hayo niliyaaga zamani. Nikafunga mlango, nikachukua kile kioo changu cha kufunzia maharusi, nikatazama. Palikuwa na wekundu upana wa kiganja cha mtoto, wenye madoa meupe kama uji uliokaukia kwenye sufuria, na pembeni ngozi imechubuka. Nilikaa sakafuni nikiwa na kioo mkononi mpaka wakaadhini alasiri.

Kwenye zahanati muuguzi alinitazama mara moja tu, akavua glavu, akaandika barua. "Bi Rukia, hii nenda Mombasa kwa daktari wa ngozi. Usingoje mwezi uishe." Hakunitania. Yule muuguzi hutania kila mtu, hata wenye kuvunjika mifupa. Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haijatoka yote mpaka leo.

Mimi ni mtu wa ndani. Kisiwa cha Manda nakiona kila siku ng'ambo ya maji, na maisha yangu yote nimefika mara tatu, moja yake kwa makosa. Kwa hivyo safari ya Mombasa ilihitaji sababu, nami nikawatangazia watu kuwa naenda harusini. Athmani naye nikamwambia harusi. Akasema, "Haya," akanibebea mkoba mpaka kwenye boti ya kuvukia Mokowe, bara. Hakuuliza harusi ya nani.

Mlango wa kliniki ulikuwa na kibao: NGOZI NA MAGONJWA YA ZINAA. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo, au mato yangu ndiyo yaliyoyakuza. Nikashusha ninja usoni, nikaketi benchi la nyuma, nikawa mwanamke asiye na jina wala nti atokako. Tulikuwa watu kama thelathini, kila mmoja akitazama miguu yake. Baada ya saa nzima, mwanamke aliyejifunika kama mimi, aliyeketi benchi la mbele, akageuza shingo. Akavuta hewa. Akavuta tena.

"Rukia!"

Nikaikodolea macho miguu yangu.

"Rukia, usijifite. Udi wako naujua hata nikiwa na makamasi." Alikuwa Bi Kibibi, jirani yangu, ukuta wangu na wake ni mmoja. "Wewe si wasema wenda harusini? Harusi yako i ndani au i nde?"

"Na wewe, Bi Kibibi? Si ulisema wenda kwa mjukuu?"

"Mjukuu wangu ni huyu," akasema, akanyanyua buibui kidogo kunionyesha mguu wenye ukurutu mpaka gotini. Watu wawili watatu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikalia, kisha nambari yangu ikaitwa.

Daktari alikuwa msichana, kwangu mimi msichana, mwenye hijabu ya kijivu na mikono ya baridi.

"Tangu lini, mama?"

"Miezi miwili."

Akatazama, akanitazama usoni. "Mama, hii si ya miezi miwili."

"Basi mitatu."

"Mama."

"Mwaka na nusu na ushee."

Hakunikemea. Alinipiga sindano ya ganzi, ambayo nikumbushe kukwambia inauma kuliko wanavyosema, akakata kinyama kidogo kama punje ya mchele, akakitia kwenye chupa. Akasema majibu yatachukua wiki tatu hivi.

Wiki tatu. Wewe unayesubiri majibu sasa hivi, nakujua. Mimi nilirudi Amu nikafungua kasha langu la leso, nikazipanga kitandani: hii ya wifi, hii ya mpwa wangu wa Matondoni, hii nzuri nyekundu asipewe wifi. Nilipika udi nikauunguza. Nilimtazama Athmani akila nikawaza ni nani atakayempikia, nikamchukia huyo mwanamke kabla hajazaliwa. Sikumwambia neno. Bi Kibibi peke yake ndiye aliyejua, na kila asubuhi aligonga ukuta mara moja, nami nikagonga mara moja, maana yake: bado.

Nikazua harusi nyengine, nikarudi Mombasa. Majibu yalikuwa kansa. Ya ngozi, ya nadra, na ina jina la mzungu mmoja wa kale. Katika hofu yote ile kitu kilichonijia kichwani ni kwamba mwanamume nisiyemjua, asiyenitolea hata mahari, ameweka jina lake pahali pangu pa siri. Nilimwambia daktari. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akaniambia bado hatujui kama ni ya hapo juu tu au kuna nyingine ndani inayoisukuma. Kwa hivyo nikapimwa matiti, kibofu, kizazi, na wakanipitisha kamera pahali ambapo sikujua kamera hufika. Siku nne, benchi baada ya benchi. Kila mlango nilioingia niliingia nikiwa maiti na kutoka nikiwa hai kwa muda. Ndani hawakuona kitu.

Hapo ndipo palipobaki kuchagua. Daktari alisema kawaida hukatwa, lakini yangu ilikuwa pana, na kukata maana yake ni kuondoa ngozi nyingi, pengine kubandika nyengine kutoka pajani, na hata hivyo huweza kurudi. Kwa kuwa haikuwa imeshuka chini ya ngozi, kulikuwa na njia nyengine: krimu ya kupaka, ambayo huuamsha mwili wenyewe upigane na ugonjwa. Wiki kumi na sita. "Siwezi kukuahidi," akasema. "Ikikataa, tutarudi kwenye kisu."

Wifi yangu Shamsa, dadake Athmani, ndiye niliyekuwa nimefikia kwake Mombasa, na kwa kuwa nilihitaji mtu wa kunisindikiza nilimfungulia siri. Nilijuta kabla sijamaliza sentensi.

"Krimu?" akasema. "Kansa kwa krimu? Hizo krimu si ndizo zilizokufikisha hapo? Kitu kibaya kikatwe, kitupwe, mtu alale!"

"Anayekatwa ni mimi, Shamsa."

"Na atakayezikwa ni wewe! Unataka kubakisha nini kwa umri huo? Wamhifadhia nani?"

Maneno hayo yalinikata kuliko kisu. Na mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo. Nilikuwa nachagua krimu kwa kuwa ni dawa, au kwa kuwa ni woga? Niliporudi Amu nilikuwa nimejawa na swali hilo, na Athmani akanikuta jikoni nimeshika kisu na kitunguu, sikati.

Nikamwambia yote, nikikitazama kitunguu. Nilipomaliza akatoka, akaenda chumba cha mbele, nikasikia friji zinasukumwa. Nikasema, amekwenda. Akarudi na mto wake.

"Nilidhani umenichoka," akasema.

"Nami nilidhani wataka mke wa pili."

"Mke wa pili? Wewe mmoja umenishinda." Kisha akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, mtu mzima, akalia. Nilimuuliza kuhusu kisu na krimu. Akasema, "Mwili ni wako, Rukia. Lolote utakaloamua nitakuwa hapa nje ya mlango." Nikaamua krimu.

Nilianza kaskazi ikiwa kali, mwezi wa kwanza. Dawa yenyewe ni vipakiti vidogo kama vya sukari ya hotelini. Boksi lilisema isikae kwenye joto, na nyumba ya fundi wa friji, kama unavyojua, haina friji hata moja inayofanya kazi. Tuliiweka ndani ya mkebe kando ya mtungi wa maji. Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, kabla ya kulala, asubuhi naosha. Kidogo tu, kama unavyopaka mafuta mdomoni. Na karatasi iliyokuwa ndani ya boksi niliisoma yote, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na Kiingereza najua. Nakushauri usimalize kidato cha nne.

Tatizo la kwanza: sikuweza kuona vizuri pa kupaka. Athmani akajitolea kushika kioo. Akakishika, uso ameugeuzia ukutani kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, na kioo kinanionyesha dari.

"Athmani, hiyo ni boriti."

"Naona haya."

"Miaka thelathini, leo ndiyo waona haya?"

"Zamani hakukuwa na taa."

Tulicheka mpaka dawa ikaanguka. Mimi nasema ile ndiyo siku ndoa yangu iliporudi nyumbani.

Wiki mbili za mwanzo hakukutokea kitu, na hilo likanitisha: haifanyi kazi. Wiki ya tatu ikafanya kazi, na hilo likanitisha zaidi. Paliwaka. Pakavimba, pakachunika, pakawa pabichi. Homa ikanipanda na viungo vikaniuma, nikaenda kupimwa malaria mara mbili, mara zote hakuna. Kwenda haja ndogo ikawa kitu cha kupangia. Nilijifunza kujimiminia maji ya uvuguvugu wakati huo huo, na hilo nakupa bure, ni msaada mkubwa. Chupi niliziaga. Nilivaa dera pana na kutembea kama bata. Niliswali nimeketi.

Bi Kibibi aliniona ninavyoketi kwa tako moja. Akaenda kwake, akarudi na kata, ile ya kitambaa cha kuzungusha ambayo watu huweka kichwani wakibeba mzigo. Akaitupa kitini. "Kalia." Nikakalia. Katikati wazi, pembeni laini. Hospitali zote nilizopita, na hakuna aliyenipa kitu chenye akili kama kile.

Mwendo wangu nao ukazua habari. Wiyoni nzima ikasema Rukia ana mimba. Mwanamke mmoja akaja mpaka mlangoni kuuliza kwa huruma, na Bi Kibibi akamjibu kutoka dirishani kwake: "Mimba ya nani? Ya Athmani huyu ashindwaye na friji?" Mwanamke akaondoka. Athmani, aliyekuwa ndani akisikia, hakuzungumza na Bi Kibibi siku mbili.

Wiki ya sita sikuweza kuvumilia. Nilimpigia daktari simu, nikilia. Akasema, "Mama, ipumzishe ngozi wiki moja, kisha uendelee."

"Na hiyo kansa, nayo itapumzika?"

Akarudia: "Pumzika, mama."

Wiki ile ya kupumzika ndiyo mbaya kuliko zote. Maumivu yalipungua na hofu ikachukua nafasi yake. Kila saa niliisikia ikitambaa, ikipata nguvu kwa kuwa mimi nimelegea. Shamsa alipiga simu: "Si nilikwambia?" Nikakata. Akapiga tena, safari hii analia, akasema mamake mdogo alikufa kwa kitu cha hapo hapo, akiwa amekificha, na yeye ndiye aliyekuwa akimuosha. Nami sikuwahi kujua. Tangu siku ile hatujagombana, ila leso nyekundu bado hapati.

Ramadhani ikanikuta wiki ya kumi. Siku za homa nilikula, siku nyengine nilifunga, na niliona haya kula mchana hata nikiwa peke yangu jikoni. Bi Kibibi aliniletea uji adhuhuri, amefunga yeye, akasimama kunitazama mpaka nimalize. Idi nilivaa dera lile lile. Mvua za masika zilipoanza nilipaka kipakiti cha mwisho, nikakikunja, sikukitupa.

Baada ya hapo ni kungoja ngozi ipoe, kisha kurudi kukatwa vinyama vitatu, pahali patatu, na kungoja tena. Kusi ilikuwa imeshika. Simu ya daktari ilikuja nikiwa nakoroga udi. Nikamwambia Athmani aipokee. Akaipokea, akasema "ndiyo" mara nne, nami kwa kila "ndiyo" nikawa namzika mtu. Kisha akanipa simu.

"Hatukuona chembe yoyote, mama. Pote patatu."

Udi uliungua. Sikuusikia harufu.

Lakini wacha nikwambie ukweli, maana nimeandika haya kwa ajili yako wewe uliyekaa benchi la nyuma na ninja usoni. Daktari hakuniambia nimepona. Aliniambia haionekani. Huweza kurudi, hata baada ya miaka, na lazima niende kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, pengine maisha yangu yote. Na krimu si ya kila mtu: mwanamke mmoja niliyekutana naye benchini alipaka kama mimi ikakataa, akakatwa, na yuko hai anauza maandazi. Mwengine alichomwa kwa miale. Muulize daktari wako njia zote, na usikubali kupewa moja tu kama kwamba hakuna nyengine. Ngozi yangu pale imebaki nyeupe na nyembamba. Baadhi ya hisia hazijarudi. Mimi na Athmani tunakwenda polepole.

Na kaskazi hii iliyopita, siku moja asubuhi, niliwashwa. Pale pale.

Nakutangulizia jibu usikae roho juu kama nilivyokaa mimi: ilikuwa ngozi kavu tu, daktari alipima akanihakikishia. Lakini siku ile sikujua. Na unadhani nilifanya nini, mimi niliyepitia yote haya, mimi ninayekushauri wewe? Nilinyamaza siku tisa. Nilijiambia ni jasho. Nilijiambia ni sabuni. Athmani alipouliza mbona silali, nikamwambia mgongo. Niliogopa kusikia neno lile mara ya pili kuliko nilivyoogopa kitu chenyewe, na niliona haya, naam, haya, kama kwamba kurudi kwake ni uvivu wangu.

Siku ya tisa Bi Kibibi akaingia bila hodi, akasimama mbele yangu na buibui tayari mwilini, mkoba begani. Sijui alijuaje, pengine ni ukuta. Nilianza kumwambia kuwa si kitu, kuwa nitakwenda mwezi ujao, baada ya harusi ya watu nilioahidi udi. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Rukia, mtaa huu tumezika wake wangapi waliokufa kwa haya, tukaketi matangani tukasema ni presha? Vaa buibui lako, twende."